Kiti Kipya, Shingo Ile Ile: Mwongozo Kamili wa Kupanga Meza ya Kazi

"Dokta, kiti nimenunua laki mbili na nusu, cha kuzunguka, kina mikono na mgongo wa wavu. Sasa hii shingo inataka nini tena?"

Dada aliyeniuliza hivyo ni mhasibu kwenye yadi ya mbao, Mafinga. Nilipopita ofisini kwake ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mufindi imekolea, naye amejifunga shuka la Kimasai kiunoni. Sikukiangalia kiti. Niliangalia mabega yake. Yalikuwa yamepanda karibu na masikio, na yalipanda zaidi kila alipogusa kibodi. Nikatoa futi kamba, nikapima meza: sentimita 78. Kilichomuumiza shingo ni hiyo meza.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo, na swali la namna hii linanifikia kutoka Mbeya mjini, Iringa, Njombe mpaka Tunduma. Wanauliza makarani, walimu wanaojaza alama, wachapaji wa steshenari, wahudumu wa dirishani benki, mawakala wa fedha wanaoshinda kibandani tangu asubuhi hadi usiku. Wengi wameshaelekezwa: kaa wima, miguu ikanyage chini, magoti yakunjwe nyuzi 90. Wanajitahidi siku tatu, maumivu yapo pale pale, wanaacha.

Hawashindwi kwa uvivu. Wanaanzia mahali pasipo pake. Maelekezo hayo yanaanza na miguu, yakichukulia kwamba meza yako inapanda na kushuka. Meza zetu zimegongwa na fundi seremala, hazishuki. Ukikishusha kiti mpaka miguu itulie chini, meza inabaki juu, viwiko vinakuwa chini yake, na mabega yanalazimika kupanda ili mikono ifike. Hapo misuli ya kutoka shingoni kwenda begani inabeba mikono miwili kutwa nzima bila kupumzika. Hata mimi nilifundisha kuanzia miguuni kwa muda mrefu, na watu wenye meza ndefu niliwapotosha. Siku hizi naanza na kiwiko. Miguu tunaitafutia pa kukanyaga baadaye.

## Kabla ya yote: nani aende hospitali kwanza

Maumivu mengi ya mgongo na shingo kwa watu wa mezani yanatokana na misuli na viungo, na yanatulia. Lakini yapo yasiyohusu meza hata kidogo. Usipange meza, nenda hospitali, ukiona mojawapo ya haya:

- Umeshindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo umegoma kutoka, au una ganzi sehemu za siri na pale unapokalia. Hii ni dharura, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.
- Mguu au mkono unaishiwa nguvu, unaburuta mguu, au vitu vinakuponyoka mkononi.
- Maumivu yana homa, jasho la usiku au kupungua uzito. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo, na si lazima ukohoe.
- Maumivu yanakuamsha usiku kila siku na hayabadiliki ulalie upande gani, au umewahi kutibiwa saratani.
- Yameanza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda.
- Maumivu ya shingo au mkono yanakuja pamoja na kubanwa kifua na kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo.

Kama hakuna hata moja, endelea.

## Vitu vya kuandaa

Andaa kabla hujaanza, kwa sababu ukianza nusu nusu utaishia hatua ya pili.

Futi kamba ya fundi cherehani yenye sentimita. Penseli na karatasi. Taulo moja la kuogea, dogo. Mpira wa kufungia au kamba. Rimu mbili au tatu za karatasi, zilizojaa. Rimu moja ya karatasi 500 za kawaida ina unene wa kama sentimita 5, na hapo una kipimo kilicho tayari. Mabaki ya mbao ya kutengenezea pa kuweka miguu (Mafinga na Makambako hayo hayatafutwi, yapo). Simu yenye kengele. Na mwenzako mmoja wa kukupiga picha.

Kama unatumia laptopu zaidi ya saa mbili kwa siku, ongeza kibodi ya nje na mausi. Hili nalisisitiza kuliko kiti. Kwenye laptopu, skrini na kibodi vimeshikana: ukiinua skrini ifike machoni, mikono inapanda, ukiishusha mikono ipumzike, shingo inainama. Hakuna mkao utakaoziridhisha zote mbili. Mwenye hela ya kitu kimoja tu, asinunue kiti, anunue kibodi na mausi.

## Hatua ya 1: Piga picha, kisha pima namba nne

Mwambie mwenzako akupige picha ya ubavuni ukiwa umezama kwenye kazi, bila kukuambia sasa napiga. Ukijua, utajinyoosha na picha itakudanganya. Ihifadhi, utaihitaji baada ya wiki mbili.

Sasa pima, vaa viatu unavyovaa kazini:

Kiwiko. Kaa kwenye kiti chako, acha mikono ining'inie, kisha kunja viwiko kama umeshika sinia. Mwenzako apime kutoka pale ulipokalia hadi chini ya kiwiko. Watu wazima wengi wanaangukia kati ya sentimita 19 na 27.

Goti. Kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti.

Meza. Kutoka sakafuni hadi juu ya meza, pale kibodi inapokaa.

Uvungu. Kutoka sakafuni hadi chini ya ubao wa meza. Kama kuna droo juu ya mapaja yako, pima hadi chini ya droo.

Ziandike. Usikadirie kwa macho. Nimeona watu wazima wakikosea kwa sentimita 6, na sentimita 6 ndizo zinazotofautisha bega lililotulia na bega linalouma kufikia saa nane mchana.

## Hatua ya 2: Kiwiko kikutane na kibodi

Hii ndiyo hatua yenyewe. Chukua urefu wa meza, jumlisha unene wa kibodi (nyingi zina sentimita 2), kisha toa kipimo cha kiwiko. Jibu ni urefu unaotakiwa wa kiti chako, kutoka sakafuni hadi pale unapokalia.

Tuchukue yule dada wa Mafinga. Meza 78, jumlisha 2, toa kiwiko chake 22. Inakuja 58. Kiti chake kipya, hata kikipandishwa chote, kiliishia 52. Kwa hiyo laki mbili na nusu zilinunua kiti kizuri kisichoweza kuifikia meza ile. Hata angenunua cha milioni, shingo ingeuma vile vile.

Ukishapata namba yako, una njia mbili.

*Njia ya kwanza: pandisha kiti.* Kama kiti kinafika, kipandishe mpaka namba hiyo na usijali miguu ikining'inia kwa sasa. Kama ni kiti cha mbao kisichopanda, weka kipande cha godoro gumu, la kukandamiza kwa kidole gumba likarudi haraka. Godoro laini linalozama halifai, maana utapima sentimita 8 na ukikaa zinabaki 2. Pima ukiwa umekaa. Na mto huo wa godoro usiteleze: ushonee kamba nne za kufungia kwenye miguu ya kiti.

*Njia ya pili: shusha meza.* Kama kiti hakifiki, au kikifika mapaja yanagonga droo, meza ndiyo ishuke. Fundi anakata miguu kwa dakika 20. Lakini omba ruhusa kwanza, meza ya ofisi ni mali ya ofisi. Weka alama kwenye miguu yote minne kwa kipimo kutoka chini, pima tena, ndipo msumeno upite. Anza kukata pungufu ya unachotaka. Mguu uliokatwa ukapitiliza haurudi.

Kwa dada yetu, bosi alikubali sentimita 8. Yadi nzima ina misumeno, kwa hiyo kazi iliisha kabla chai haijapoa. Meza ikawa 70. Hesabu mpya: 70, jumlisha 2, toa 22, kiti kikae 50. Kinafika bila shida. Ile droo ya katikati tuliitoa tukaihamishia pembeni, kwa sababu mapaja yalikuwa hayapiti. Angalia na wewe: ukikaa, ngumi yako iliyolala ipite kati ya paja na uvungu wa meza, au angalau kiganja. Kama hakipiti, utajikuta unasogeza kiti nyuma na kuinama mbele, na kazi yote inakuwa bure.

Kwa wanaofanya kazi kwenye kaunta na stuli, kama steshenari nyingi za Soweto na Kabwe hapa Mbeya mjini, hesabu ni ile ile. Kaunta ya sentimita 95 inataka stuli ya sentimita 70 na kitu, iwe na mgongo wa kuegemea na pa kukanyagia. Stuli ya duara isiyo na mgongo ni ya kukalia dakika kumi.

Utajua umepatia pale mabega yanaposhuka yenyewe na viwiko vinakuwa ubavuni, vikiwa vimekunjwa nyuzi 90 au vimefunguka kidogo zaidi, na viganja havikunjwi kwenda juu wala chini. Jaribio rahisi: vuta pumzi, pandisha mabega mpaka masikioni, yaachie ghafla. Gusa kibodi. Kama ili kuigusa imebidi mabega yapande tena, bado.

Tahadhari moja: mikono ya kiti. Kama iko juu sana inakupandisha mabega, na kama inagonga meza inakuzuia kusogea. Ishushe chini ya meza. Isiposhuka, ifungue skrubu uitoe. Watu wanaionea huruma kwa kuwa wameilipia, nami nawaelewa, lakini mikono isiyofaa ni afadhali isiwepo.

## Hatua ya 3: Miguu ipate pa kukanyaga

Sasa rudi kwenye miguu. Toa kipimo cha goti kwenye urefu wa kiti. Kiti 50, goti 40, tofauti 10. Hiyo ndiyo nafasi kati ya nyayo zako na sakafu, na huo ndio urefu wa ubao wa miguu unaouhitaji.

Miguu ikining'inia, ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja, damu inapita kwa shida, miguu inavimba jioni. Tena mwili unateleza mbele kutafuta chini, na kiuno kinaachana na mgongo wa kiti. Hiyo ndiyo sababu ya wengi kulalamika kiuno ingawa kiti ni kizuri.

Mwambie fundi akate ubao wenye upana wa sentimita 45 na kina cha 30, wenye mwinamo mdogo, upande wa mbali uwe juu kuliko wa karibu. Urefu wa kati ndio ufuate kipimo chako. Chini gongelea vipande vya mpira wa tairi ili usiteleze kwenye vigae. Usitumie boksi la karatasi, linabonyea ndani ya wiki. Rimu nazo usikanyage, karatasi ni kazi ya watu.

Magoti yawe sawa na nyonga au chini kidogo, na vidole vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Visipopita, kiti ni kirefu kwa kina, na hatua inayofuata itakusaidia.

## Hatua ya 4: Kiuno kiegemee

Viringisha taulo lile, lifunge mpira ncha zote mbili lisifunguke, unene uwe kama chupa ya maji ya nusu lita au kidogo zaidi. Liweke kwenye mgongo wa kiti usawa wa mkanda wa suruali au sketi, kisha rudi nyuma mpaka makalio yaguse mwisho wa kiti.

Kiuno kina mkunjo wake wa asili kuelekea mbele. Ukikaa bila egemeo, nyonga zinaviringika nyuma, mkunjo unapotea, na mishipi inayoshikilia pingili inavutwa saa nzima. Taulo linarudisha mkunjo bila wewe kukaza misuli.

Na hapa naomba tuachane na "kaa wima kama askari". Hakuna misuli inayoweza kukaza kwa saa nane mfululizo. Egemea. Mgongo wa kiti ulale nyuma kidogo, nyuzi 100 hadi 110, uzito wa kifua ubebwe na kiti.

Taulo likikusukuma mpaka unahisi umebinuka, limezidi unene. Likishuka makalioni, lifunge kwa kamba kwenye kiti. Siku mbili tatu za mwanzo utahisi ugeni, na ugeni ni sawa. Maumivu yanayoshuka mguuni si sawa, litoe.

## Hatua ya 5: Skrini ije kwako

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikikaa juu ya mabega, mifupa inakibeba. Kikienda mbele, misuli ya nyuma ya shingo inakivuta kisianguke, na kadiri kinavyozidi kwenda mbele ndivyo inavyovuta kwa nguvu zaidi. Inua ndoo ya lita 5 ukiwa umeibana kifuani, kisha inyooshe mbele kwa mkono mmoja. Utaelewa shingo inapitia nini.

Kaa kama ulivyopangwa, umeegemea, funga macho, tuliza kichwa, kisha fungua. Mstari wa juu wa maandishi uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Ongeza rimu moja moja mpaka ufike. Laptopu nyingi zinataka rimu mbili au tatu, na kibodi ya nje inakaa mezani mbele yake. Usizibe matundu ya hewa ya laptopu.

Umbali: nyoosha mkono, ngumi iguse skrini au ikaribie. Ni kati ya sentimita 50 na 70. Kama husomi kwa umbali huo, usisogeze kichwa, kuza maandishi: shika Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha. Na kama bado, pima macho. Nimeshawapeleka watu wengi kwa daktari wa macho, na shingo ndiyo iliyopona.

Wenye miwani ya sehemu mbili, ya kusomea ikiwa chini, msifuate kipimo cha hapo juu. Mkiinua skrini mtainua kidevu ili kuchungulia kwa chini, na shingo itauma kwa nyuma. Ninyi ishusheni, ikiwezekana iwe mezani kabisa na kulazwa nyuma kidogo.

Skrini iwe mbele yako, mbele kabisa, siyo pembeni kumpisha mteja. Wahudumu wa dirishani wanakaa wamegeuza shingo upande mmoja mwaka mzima. Kama mteja lazima awe kulia, geuza kiti chote, usigeuze shingo peke yake.

## Hatua ya 6: Mausi, karatasi na simu

Mausi ikae pembeni ya kibodi, karibu, kwa usawa ule ule. Ukilazimika kunyoosha mkono kuifikia, bega linabaki limeinuliwa, na ndiyo maana wengi wanaumwa upande wa kulia tu. Kama leja au mashine ya risiti imekaa kati ya kibodi na mausi, ihamishe kushoto.

Karatasi unayonakili isilale mezani. Iegemeze kwenye faili la boksi kati ya kibodi na skrini, au pembeni mwa skrini kwa urefu wake. Mchapaji mmoja wa Iringa, mama wa makamo, alikuwa anainamisha kichwa na kukiinua kwa kila sentensi. Nilihesabu dakika moja: mara 14. Alipoegemeza karatasi, alibaki anahamisha macho tu.

Simu usiibane kati ya sikio na bega. Tumia spika za masikioni.

Mawakala wa fedha, ninyi kazi yenu ndiyo ngumu, kwa sababu simu ndiyo ofisi. Gongeleeni kishikizo cha ubao ukutani au mezani, simu zisimame usawa wa kifua, siyo mapajani. Na mteja asipokuwepo, simameni.

## Hatua ya 7: Mwanga na baridi

Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako linaakisi kwenye skrini, likiwa mbele linakuumiza macho, na kote kuwili utajikuta unasogeza kichwa kutafuta pa kuonea.

Baridi ya kwetu nayo ina mchango wake. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, Mbeya na Njombe watu wanakaa wamejikunja, mabega juu, mikono imebanwa. Haiharibu mifupa, lakini mtu aliyejikunja kutwa nzima anatoka na shingo iliyokakamaa. Skafu shingoni, sweta isiyobana mabega, soksi nzito, maji ya moto kwenye chupa mapajani. Jiko la mkaa ndani ya ofisi iliyofungwa hapana kabisa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

## Hatua ya 8: Inuka kabla hujaumia

Ukipanga yote hayo kisha ukakaa saa tatu mfululizo, bado utaumwa. Misuli inapata damu vizuri inapokaza na kulegea. Ikikaza bila kulegea, damu inabanwa. Diski kati ya pingili nazo, kwa mtu mzima, hazina mishipa ya damu ya kutosha ndani yake. Zinapata chakula kwa kukandamizwa na kuachiwa, kama sponji ndani ya maji. Usiposogea, sponji haikamuliwi.

Weka kengele kila dakika 30. Ikilia, simama dakika moja au mbili. Usisubiri maumivu ndiyo uinuke, maana ukiyasikia umeshachelewa. Kama kengele inawaudhi wenzako, panga kazi ikuinue: printa iwe mbali, tumia kikombe kidogo cha maji badala ya chupa kubwa, simu zote pokea umesimama, na chai ifuate kwa mama wa chai badala ya kusubiri akuletee.

Macho nayo: kila dakika 20, angalia kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mwenye dirisha linaloona mlima Loleza hana haja ya kutafuta.

Wakati wa kufunga hesabu za mwezi, ambapo kila mtu anasema hana muda, ndipo wengi wanapoumia. Kama kuna siku za kutoruka kengele, ni hizo.

## Hatua ya 9: Mazoezi matano, dakika nne

Fanya mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Yanaruhusiwa kuvuta, hayaruhusiwi kuchoma wala kuleta ganzi.

1. Kidevu nyuma. Kaa, tazama mbele, rudisha kidevu nyuma kama unayekwepa harufu, bila kuinama. Hesabu hadi 5, achia. Mara 8.
2. Kubana mabawa ya mgongo. Sogeza mabega nyuma na chini, mifupa ya nyuma ya mabega ikaribiane. Sekunde 5, mara 10.
3. Mlangoni. Weka mikono kwenye fremu ya mlango, viwiko usawa wa mabega, piga hatua moja mbele mpaka kifua kivutike. Sekunde 20, mara 2.
4. Kiuno nyuma. Simama, viganja kiunoni, bonyea nyuma taratibu, rudi. Mara 6. Kama maumivu yanashuka mguuni, acha.
5. Kaa, simama. Inuka kwenye kiti bila kushika kitu, kaa polepole. Mara 10.

Nje ya kazi, tembea. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli inayokupandisha pumzi kiasi. Kushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwenu, jioni na asubuhi, kwa miinuko ya Mbeya, kunakufikisha.

Na jambo moja ambalo lazima niliseme kwa herufi nzito: usimruhusu kinyozi akuvunje shingo. Ule mtindo wa kukushika kidevu na kisogo, akageuza ghafla mpaka ilie, umezoeleka sana baada ya kunyolewa. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita ndani ya shingo, na kugeuzwa kwa nguvu kunaweza kuichana na kuleta kiharusi. Mwambie mapema, kabla hajaanza kunyoa: shingo usiguse, kaka.

## Dawa, na kulala kitandani

Taulo la moto dakika 15 linasaidia. Parasetamo kwa siku chache kwa kipimo kilichoandikwa haina tatizo kwa wengi. Diklofenaki na jamii yake, za kunywa au za sindano, si pipi: zinaweza kutoboa tumbo lenye vidonda, kupandisha presha na kuumiza figo. Mwenye matatizo hayo, au mjamzito, aulize kwanza hospitali.

Usilale kitandani wiki nzima. Siku moja ya kupunguza kazi inatosha, kisha rudi kwenye mwendo taratibu. Mgongo uliolala unadhoofu.

## Kumweleza mwajiri

Usimpelekee malalamiko, mpelekee karatasi ya vipimo. "Meza ina 78, mimi nahitaji 70, kukata ni kazi ya fundi mmoja" ni ombi linalojibika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama ya kazi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wasimamizi wake. Lakini wengi hawahitaji kutajiwa sheria, wanahitaji kuonyeshwa futi kamba.

## Baada ya wiki mbili

Piga picha nyingine ya ubavuni, tena bila kuambiwa. Ziweke pamoja. Sikio liwe karibu juu ya bega, kiwiko ubavuni, mgongo umegusa kiti. Usitegemee maumivu yaishe yote kwa wiki mbili. Dalili nzuri ya kwanza ni kwamba yanachelewa kuanza: yaliyoanza saa tano asubuhi yanaanza saa tisa. Yule dada alinitumia ujumbe siku ya kumi na moja: "Leo nimefunga kompyuta ndio nikakumbuka sijaishika shingo."

Kama picha hazitofautiani, rudi hatua ya 2 upime upya, hasa kama kiti kinakaliwa na wawili. Chora mstari wa penseli kwenye mguu wa kiti au nguzo yake, ili akikishusha mwenzako ukirudishe palepale.

Kama picha imebadilika na maumivu bado yako vile vile baada ya wiki sita, nenda kitengo cha fiziotherapia, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, au iliyo karibu nawe. Nenda na ile karatasi ya namba nne, picha mbili, na orodha ya dawa ulizomeza. Bila hivyo, siku ya kwanza yote itaishia kwenye maswali.